Simu ya mkulima imefika zahanati, isiachwe bila mwongozo

MSIMU wa korosho unapofunguliwa, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hukaa na simu karibu. Kwa simu wanajua mnada wa chama kikuu cha RUNALI umefanyika wapi, bei ya juu na ya chini imeishia shilingi ngapi, na kama fedha zimeingia au bado. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na mnunuzi anaweza kutoa bei yake bila kufika ghalani. Mkulima ambaye kabla ya stakabadhi ghalani kuanza mwaka 2007 alilazimika kukubali bei ya mnunuzi aliyefika na mizani mlangoni, leo anaisoma bei mwenyewe akiwa chini ya mkorosho wake.

Simu hiyo hiyo sasa imekuwa pia mganga wa kwanza wa familia nyingi. Mtoto akichemka usiku, kijana wa nyumbani huulizwa atazame "kwenye mtandao wanasemaje." Mzee aliyeambiwa ana presha hupokea kutoka kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam sauti ya WhatsApp inayosifia majani fulani. Mama mjamzito hutazama video inayomweleza ale nini na aache nini. Kwa kuwa simu haikumdanganya kuhusu bei ya korosho, anaona hakuna sababu ya kuitilia shaka inapozungumzia dawa.

Hapo ndipo penye hatari. Bei ya mnada inatangazwa na chombo kinachojulikana, mbele ya wakulima, na ikikosewa kuna ofisi ya kulalamikia. Ushauri wa dawa unaozunguka kwenye simu mara nyingi hauna mwenyewe. Akitokea mtu wa kudhurika, hakuna ghala la kwenda kuuliza. Hata hivyo, kuwakemea wananchi na kuwataka waache kutafuta habari za afya kwenye simu hakutasaidia, kwa sababu hawataacha. Kinachotakiwa ni zahanati, halmashauri na vyama vya ushirika kuchukua jukumu la kuwafundisha wagonjwa namna ya kuitumia simu hiyo bila kuumia.

Funzo la Mbekenyera

Ruangwa ina sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwanzoni mwa Julai 2022, wagonjwa walianza kufika katika kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Dk. Aifello Sichalwe, aliutangazia umma kwamba vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonyesha hata mmoja kati ya magonjwa hayo. Julai 18, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza jina la ugonjwa wenyewe kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Hadi siku hiyo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Kati ya wagonjwa wa kwanza na siku ya kutajwa jina zilipita karibu wiki mbili. Kwa wataalamu wa maabara huo si muda mrefu, hasa kwa ugonjwa ambao dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine mengi. Lakini kwa mtu aliyekuwa kijijini akimwangalia jirani yake akivuja damu puani, wiki mbili ni muda mrefu sana. Vyombo vya habari vya nje viliandika juu ya ugonjwa wa ajabu kusini mwa Tanzania. Mwananchi aliyetafuta kwenye simu homa inayoambatana na damu puani hakuweza kuikwepa Ebola wala Marburg, kwa kuwa hata taarifa za kweli zilizosema magonjwa hayo hayapo zililazimika kuyataja.

Athari ya hofu ya namna hiyo inajulikana. Mtu anayeamini kwamba amepatwa na ugonjwa usio na tiba, au kwamba akionekana atafungiwa mbali na familia yake, hujificha. Atakunywa kilichoko nyumbani, atalala ndani, na atapelekwa hospitali akiwa amebebwa. Homa ya mgunda haimpi mtu nafasi ya kufanya hivyo. Inaletwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wa mwituni na wa kufugwa. Bakteria hao humwingia mtu kupitia maji, tope au chakula kilichochafuliwa, hasa penye mchubuko. Hutibika kwa dawa za antibaiotiki za kawaida mgonjwa akiwahi. Akichelewa, figo na ini vinaweza kuharibika.

Huo ni ugonjwa wa mkulima moja kwa moja. Neno mgunda katika lugha kadhaa za nchini lina maana ya shamba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro wamekuwa wakiuchunguza kwa miaka mingi kwa sababu ya kazi yao juu ya panya. Ujumbe wa kumkinga mtu ni mfupi kuliko tangazo la mnada. Funika chakula na maji ya kunywa panya wasiyafikie. Vaa viatu unapofanya kazi penye maji au tope. Ukipata homa, wahi kituoni na umweleze mganga kazi uliyokuwa ukifanya. Somo la Mbekenyera ni kwamba ujumbe mfupi kama huo unatakiwa uwe umekwisha kufika kwenye simu za watu kabla ya uvumi, na ufike kupitia mtu wanayemjua.

Kwa nini mgonjwa anaanza na simu

Wapo wanaosema kwamba mgonjwa anayekimbilia simu ni mvivu au mshamba. Hao hawajawahi kupiga hesabu ya mkulima. Kufika hospitali ya wilaya kutoka vijiji vya pembezoni kunahitaji nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, fedha ya chakula, na siku nzima ya kazi. Katika miezi ya kupulizia salfa, siku moja iliyopotea inaweza kuacha ubwiriunga ukatembea kwenye maua ya mikorosho. Kifurushi cha intaneti cha siku moja ni nafuu kuliko safari hiyo. Mtu anayeanza na simu anafanya uamuzi wa kiuchumi, na kwa hali aliyonayo si uamuzi wa kijinga.

Ipo pia sababu ya aibu. Ugonjwa wa zinaa, utasa, upungufu wa nguvu za kiume au hofu ya kuwa na virusi vya UKIMWI ni mambo ambayo mtu mzima haoni urahisi kumwambia muuguzi kijana anayeishi naye kijiji kimoja. Simu haishangai na haisimulii kisimani.

Sababu ya tatu wahudumu wa afya wanaifahamu, ingawa hawapendi kuisema. Penye foleni ndefu na muuguzi mmoja, mgonjwa hupata dakika chache. Huambiwa "una presha, meza hizi, rudi mwezi ujao," na kuondoka bila kujua presha ni nini wala kwa nini ameze dawa wakati haumwi popote. Swali ambalo halikujibiwa zahanati halifi, linakwenda kutafuta jibu kwingine. Anayelijibu kwa ufasaha na kwa lugha tamu mara nyingi ni mtu mwenye chupa ya kuuza.

Simu imekwisha kuokoa watu

Ingekuwa makosa kuichora simu kama adui wa afya, na mkoa wa Lindi ni shahidi. Mwaka 2009 na 2010, Lindi Vijijini ilikuwa moja ya wilaya tatu zilizofanya majaribio ya mradi wa SMS for Life, pamoja na Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki vituo vya afya 129 viliulizwa kwa ujumbe mfupi vina dawa ngapi za malaria, na vikajibu kwa ujumbe mfupi. Katika wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Kazi hiyo ilifanywa kwa simu za kawaida, na mtumishi wa zahanati hakuhitaji kompyuta.

Novemba 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito, au mwenzi wake, alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 na kuanza kupokea bure ujumbe uliofuata umri wa mimba: wakati wa kwenda kliniki, umuhimu wa chandarua, dalili za hatari. Mwaka 2022 Serikali ilizindua kitaifa mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115 isiyo na malipo humtafutia usafiri mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye katika hatari, hata kwa kutumia gari la dereva wa kijijini pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Mwaka 2019 programu ya Ada, inayomhoji mtu dalili zake na kumpa mwelekeo, ilitolewa kwa Kiswahili baada ya kufanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Yapo pia mafunzo ya kheri yasiyo na mfumo wowote. Mazungumzo ya Profesa Mohamed Janabi kuhusu ulaji, uzito na magonjwa ya moyo yalisambaa nchi nzima kwa simu kabla hajachaguliwa, mwaka 2025, kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba wanga uliojaa sahani una uhusiano na kisukari. Hata hapo mwongozo unahitajika. Ushauri wa kupunguza milo unaomfaa mtu mwenye kitambi unaweza kumwangusha mgonjwa anayechoma insulini asipokula. Kosa halipo kwa aliyesema wala kwa aliyesikia. Kilichokosekana ni mtu wa karibu wa kumwambia msikilizaji kwamba kwake yeye, kwa dawa anazotumia, mambo yabadilike hivi.

Ukiitazama mifano ile mitatu ya kwanza, utaona inafanana kwa jambo moja. Mwenye huduma anajulikana, haimwuzii mgonjwa kitu, na mwisho wake unampeleka mgonjwa kituoni au kukileta kituo karibu naye. Hicho ndicho kipimo ambacho mkulima yeyote anaweza kukitumia kwa kila kinachoingia kwenye simu yake.

Fedha za msimu na wauza dawa

Wafanyabiashara wajanja wanaijua kalenda ya korosho. Katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024 bei ya kilo ilivuka shilingi 4,000, na fedha hizo huingia kwa mkupuo kwenye akaunti za watu ambao kwa miezi mingi walikuwa wakikopa. Hapo ndipo pikipiki zinanunuliwa na nyumba zinaezekwa. Hapo pia ndipo muuza dawa za mtandaoni anapompata mteja mwenye uwezo wa kutuma laki mbili kwa mkupuo kwa ajili ya chupa ya "kusafisha figo" au "kumaliza kisukari kabisa."

Taifa lina kumbukumbu ya jinsi matumaini yanavyosafiri. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Habari ilibebwa na magazeti, redio na simu za kupiga, kwani simu zenye mtandao zilikuwa za wachache. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Ikiwa habari ilikimbia vile kwa njia zile, mtu anaweza kukisia inavyokimbia leo, wakati kila kijiji kina kundi la WhatsApp. Tena kikombe cha Samunge kiligharimu shilingi 500, wakati baadhi ya chupa za leo zina bei ya gunia zima la mazao.

Hasara ya kweli haiishii kwenye fedha iliyotumwa. Mfano ni mkulima mwenye presha anayeacha vidonge Novemba kwa sababu tangazo limemwambia dawa za hospitali zinaua figo. Kwa wiki kadhaa hataona tofauti, kwani presha haina kelele. Januari anapata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mke anaacha shamba amhudumie, mtoto anarudishwa shule kwa kukosa ada, na msimu unaofuata mikorosho haipuliziwi. Familia hiyo haijaibiwa laki mbili tu, imepoteza misimu kadhaa ya mavuno.

Kuna ishara ambazo mtu yeyote anaweza kufundishwa kuzitambua. Dawa moja inayodai kutibu magonjwa kumi ni ya kutiliwa shaka. Anayemtaka mgonjwa aache dawa za hospitali ndipo ya kwake ifanye kazi ni wa kukimbiwa. Anayetaka fedha kwanza, kwa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, bila duka wala anwani, hana tofauti na wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Dawa halali imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo tovuti yake ina orodha ya dawa zilizosajiliwa. Tiba asili nazo zina sheria yake tangu mwaka 2002 na baraza la kuzisimamia, kwa hiyo mganga wa asili anayefanya kazi kwa uwazi hana haja ya kujificha nyuma ya namba ya simu. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Mgeni wa karibuni zaidi ni programu za akili mnemba, ambazo huulizwa swali kwa Kiswahili na kujibu kwa sekunde chache kama mtu msomi. Zina faida. Zinaweza kumweleza mama maana ya neno aliloandikiwa kwenye kadi, au kumsaidia mzee kupanga maswali ya kumwuliza daktari. Lakini zinajibu kwa uhakika ule ule zinapokuwa sahihi na zinapokosea. Hazijui uzito wa mtoto, hazijui kama anayeuliza ni mjamzito, wala hazijui kwamba jana alimeza dawa nyingine. Kipimo cha dawa hakichukuliwi huko. Kinachukuliwa kwa mganga au kwenye karatasi iliyoandikwa na mganga.

Siri ya mgonjwa

Jambo linalosahaulika ni siri. Mtu hupiga picha cheti cha vipimo na kukituma kwenye kundi la ukoo ili ndugu "wamsaidie kusoma." Ndani ya saa moja majibu yake yapo kwa watu asiowajua. Wengine huwatumia wauza dawa picha za sehemu zao za siri, na baadaye picha hizo zinaweza kugeuzwa kuwa mtego wa kudai fedha. Wengine huazima simu, huingia kwenye mfumo fulani, kisha huirudisha bila kufuta walichoandika.

Sheria zipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa kuisimamia. Hata hivyo, sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kutumwa. Kwa sababu hiyo mafunzo ya kwanza kwa mgonjwa yanapaswa kuwa mepesi kabisa: cheti hakitumwi kundini, namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote hata akijitambulisha kuwa ni wa bima, na simu ya kuazima haitumiki kwa mambo ya siri.

Zahanati nazo zijitazame. Muuguzi anayepiga picha ukurasa wa rejista na kuutuma kwa mwenzake kwa WhatsApp ili kuharakisha taarifa ya mwezi anaweza kuwa na nia njema, lakini ametoa majina ya watu na magonjwa yao. Hawezi kumfundisha mgonjwa kutunza siri ambayo yeye mwenyewe haitunzi.

Nani afanye nini

Tanzania imewahi kukutana na swali linalofanana na hili na ikalijibu kwa busara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijulikana kwamba wananchi wengi wa vijijini hununua dawa kwenye maduka ya dawa baridi, mengi yakiuza dawa yasizoruhusiwa, kwa mikono isiyo na mafunzo. Ingekuwa rahisi kuyafunga yote. Badala yake, mwaka 2003, katika mkoa jirani wa Ruvuma, ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Wauzaji walifundishwa, maduka yakasajiliwa na kukaguliwa, na mpango ukaenea nchi nzima. Mantiki yake ilikuwa kwamba mahali ambapo mgonjwa anakwenda kwanza paboreshwe, kwa sababu hataacha kwenda. Leo mahali pa kwanza pa wengi ni simu, na mantiki haijabadilika.

Hatua ya kwanza haina gharama. Kila muuguzi na mganga katika zahanati za wilaya hizi mbili aongeze swali moja kwa kila mgonjwa: "Mama, kabla hujaja hapa umesikia au umesoma nini kuhusu ugonjwa huu?" Swali liulizwe kwa heshima, pasipo kejeli. Mgonjwa akichekwa leo, kesho atanyamaza na kuendelea na majani yake kwa siri, na daktari atashangaa kwa nini dawa haifanyi kazi.

Itasemwa kwamba wahudumu ni wachache na wamelemewa. Ni kweli. Lakini swali hilo linachukua chini ya dakika moja, na jibu lake linaweza kuokoa safari tatu za mgonjwa kurudi akiwa hajapona. Tena mzigo huo hauwahusu wauguzi peke yao. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kupata wahudumu 137,294 nchini. Hawa ndio wanaofika nyumbani na kuiona simu ikitumika. Mafunzo yao yajumuishe somo la namna ya kumsaidia mtu kupima habari ya afya, sambamba na somo la chanjo na choo.

Hatua ya pili ni ya vyama vya msingi vya ushirika. Mikutano ya AMCOS hukusanya wakulima wengi kuliko mkutano wowote wa afya. Huko ndiko bei zinakosomwa na makato kuelezwa. Mganga wa zahanati apewe dakika 15 kabla ya ajenda ya malipo, hasa Oktoba na Novemba wakati wauza chupa wanapoanza kupiga simu, na tena Juni kabla salfa haijaanza kupuliziwa. Ukuta wa ghala unaobandikwa bei ubandikwe pia namba tatu: 115 kwa dharura ya uzazi, 199 ya Wizara ya Afya ambayo wengi waliijua wakati wa UVIKO-19, na namba ya simu ya zahanati yenyewe. Namba hiyo ya tatu ndiyo inayokosekana mara nyingi, na ndiyo ambayo mkulima angeitumia zaidi. Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho haiwezi kusema imekosa fedha za simu moja na muda wa maongezi kwa kila zahanati.

Hatua ya tatu inawahusu vijana. Wazee wengi wa vijijini wana simu ndogo za vitufe, na hata wenye simu kubwa husomewa na wajukuu. Kwa hiyo anayeamua habari ipi imfikie bibi ni mtoto wa sekondari. Klabu za afya za shule za Nachingwea na Ruangwa ziwafundishe hao maswali manne tu: nani ameandika, ameandika lini, anauza nini, na mganga wetu anasemaje? Mjukuu akiyajua hayo, ukoo mzima umekingwa. Akieleza kwa Kimwera pale Kiswahili cha kitaalamu kinapomshinda bibi, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna tovuti inayoiweza.

Hatua ya nne ni ya Wizara na kampuni za simu. Kurasa za afya za Serikali zifunguke bila kifurushi, na ziandikwe kwa Kiswahili cha watu, pasipo lugha ya waraka. Ugonjwa usiojulikana ukizuka tena kama ule wa Mbekenyera, ujumbe mfupi utumwe siku hiyo hiyo kwa simu zote za wilaya, hata kama unasema tu: "Bado tunapima. Wenye homa waje kituoni. Mtu asifichwe." Uvumi haungoji majibu ya maabara.

Nachingwea haihitaji kuelezwa hatari ya kuleta zana kubwa mahali pasipoandaliwa. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walimwaga karibu pauni milioni 36 katika mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa, lakini mvua na udongo havikuulizwa, na wenyeji walioujua udongo huo hawakusikilizwa. Karanga hazikupatikana za kutosha na reli ikaja kung'olewa.

Mifumo ya afya ya simu inayoletwa leo ni mizuri kuliko matrekta yale, na mingine imekwisha kuonyesha matunda. Lakini itafanikiwa tu kama mtu anayeitumia atakuwa ameandaliwa, kwa lugha yake na kwa msimu wake. Mkulima amejifunza kutouza korosho zake kwa mtu asiyejulikana, nje ya ghala, kwa mizani isiyokaguliwa. Akisaidiwa kidogo, hatashindwa kujifunza kwamba afya yake nayo haiuzwi kwa mtu wa namna hiyo. Msaada huo uanze kabla malipo ya kwanza ya msimu hayajaingia kwenye akaunti.